Namba za unyayo zinapokataa kutulia: dalili, sababu na pa kuanzia kukagua

Haya ni maelezo kwa wenzangu tunaopima mwendo na shinikizo la unyayo kwa watu wenye kisukari, khasa walioko Pemba, ambako mara nyingi kuna chombo kimoja, chumba kimoja chenye joto na foleni inayoanza kabla ya saa mbili asubuhi. Lalamiko ni lile lile kila siku: mgonjwa kapimwa leo, karudi baada ya wiki, namba hazifanani. Mmoja anasema mashine mbovu, mwengine anasema kiatu kipya kimefanya kazi. Kwa kawaida hakuna aliyeutazama mguu wenyewe kwanza.

Mtu aliyeingia ganzi miguuni haumwi pale anapoumia. Anaweza kutembea na kijiwe ndani ya kiatu tangu Wete mpaka Chake asijue. Kwa hiyo namba ya shinikizo inashika nafasi ya maumivu, na namba isiyotulia ni hatari. Mwongozo wa mwaka 2019 wa IWGDF, jopo la kimataifa la wataalamu wa mguu wa kisukari, unataka kiatu cha mtu aliyewahi kupata kidonda cha unyayo kipunguze shinikizo la juu kabisa kwa asilimia 30 au zaidi, au kilishushe chini ya kilopaskali 200, kwa chombo kilichohakikiwa chenye vihisi, yaani vipande vidogo vinavyosoma shinikizo, vya ukubwa wa sentimita 2 za mraba. Sasa kama kipimo chako kinapanda na kushuka kwa asilimia 25 bila ya kiatu kubadilika, hiyo asilimia 30 utaijuaje?

Mpangilio wangu wa kukagua ni huu: mtu, njia anayopita, chombo, halafu hesabu. Wengi huanza na chombo, wakakifungua, wakakipiga vumbi, wakakizima na kukiwasha. Sikatai, lakini sababu iko huko mara chache kuliko watu wanavyodhani.

Kabla ya yote: mguu uliovimba, mwekundu, na wenye joto kuliko mwenzake kwa zaidi ya nyuzi 2 za Selsiasi, usiupimishe kwa kutembea. Huenda ni maambukizi, huenda mifupa inavunjika ndani kimya kimya. Huyo apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, akae kitako, asitembezwe. Vivyo hivyo mwenye kidonda kilicho wazi.

Dalili: mguu ule ule, asubuhi ile ile, namba zinaruka

Simama pembeni, usitazame skrini, tazama miguu. Bi mkubwa mmoja anaingia, mnasalimiana, "Shikamoo bibi," "Marahaba mwanangu," kisha unamwambia akanyage lile bamba la kupimia shinikizo lililolazwa sakafuni. Anafanya alivyoambiwa. Anaanza vizuri, halafu hatua mbili kabla ya bamba macho yanashuka chini, hatua ya mwisho inafupika, na wayo unatua taratibu kama wa mtu anayevuka dimbwi. Bamba limepima kwa uaminifu kabisa, ila kilichopimwa ni kulenga. Mzunguko unaofuata ataikosa shabaha na kuirefusha hatua, na kisigino kitapiga kwa nguvu. Unapata namba mbili zilizo mbali, zote za kweli, na hakuna hata moja inayokwambia anavyotembea kwenda sokoni.

Dawa yake imo katika maneno yako mwenyewe. Usitaje bamba. "Bibi, nenda mpaka kwenye ule mlango, usitazame chini, ukifika geuka." Bandika karatasi ukutani usawa wa macho yake. Bamba liwe sawa na sakafu, lizungushiwe mkeka wa mpira wa unene ule ule, kwani kingo inayonyanyuka hata sentimita moja humtisha mtu asiyehisi miguu yake. Hatua isipoangukia katikati, usimwambie arefushe. Sogeza wewe mahali pa kuanzia.

Kwa wenye ganzi napendelea utaratibu wa hatua mbili: anasimama karibu, hatua ya kwanza inatua sakafuni, ya pili inatua kwenye bamba, naye anaendelea kutembea mbele. Unapunguza idadi ya kukanyaga kwa mguu ambao tayari unabeba mzigo mkubwa, na shabaha haikosewi sana. Ila ukianza na hatua mbili usije ziara ya pili ukampitisha ukumbi mzima, maana muda wa wayo kugusa bamba haulingani baina ya taratibu hizi, na kila hesabu inayochanganya shinikizo na muda itapotoka.

Mzunguko wa kwanza uwe wa mazoezi, usiuhesabu. Kisha chukua mizunguko mitatu mpaka mitano mizuri kwa kila mguu na utumie wastani. Ukipima ndani ya kiatu, hatua 12 kwa kila mguu ndiyo idadi inayopendekezwa kwa watu hawa. Na uamuzi wa kuitupa hatua ufanywe kwa macho, kabla namba haijaonekana. Anayeitupa hatua kwa sababu namba yake imekaa vibaya anatengeneza uthabiti wa bandia, na huo ndio ugonjwa mgumu kuliko yote kwenye kazi hii, kwa kuwa matokeo yake hupendeza.

Ikiwa kulenga kumekwisha na namba bado zinaruka, angalia kasi. Mtu akiongeza mwendo, shinikizo hupanda kisigino, kidole gumba na upande wa ndani wa mbele ya unyayo. Upande wa nje hauongezeki hivyo, na pengine hushuka. Basi ukiona kisigino na kidole gumba vimepanda pamoja ilhali upande wa nje umetulia, uliza kasi kabla ya kuuliza kiatu. Piga saa kila mzunguko. Utakaotoka nje ya asilimia 10 ya kasi yake ya kawaida, rudia.

Jambo jengine halimo kwenye vijitabu vya mashine. Mwanamke aliyevaa buibui refu hulinyanyua kwa mkono mmoja anapoona kuna kitu sakafuni. Mkono ukishikilia nguo haupungi, kiwiliwili kinainama, macho yanakwenda chini. Muombe mwenzako wa kike amsaidie kulifunga au kulibana kwa pini faraghani, na ziara ijayo lifungwe vile vile. Na mlango ufungwe. Hakuna anayetembea kawaida mbele ya foleni ya watu wanaomtazama.

Dalili: asubuhi namba ndogo, adhuhuri zimepanda, kila mgonjwa

Kila mgonjwa akiathirika kwa mwelekeo mmoja, hapo ndipo pa kukishuku chombo. Vihisi vinavyofanya kazi kwa ukinzani wa umeme, khasa vile vyembamba vya kuingiza kiatuni, huhama polepole kwa joto, jasho na kubanwa muda mrefu. Wakati wa masika chumba kikiwa na unyevu, au feni ikizimika umeme unapokatika, utaliona hilo wazi.

Jaribio lake ni rahisi na halitaki fundi. Mchukue mfanyakazi mwenzako ambaye uzito wake umepimwa kwenye mizani asubuhi hiyo. Asimame kwa mguu mmoja juu ya bamba, atulie. Jumla ya nguvu inayosomwa ikaribiane na uzito wake: mtu wa kilo 70 anatakiwa kutoa takriban nyutoni 687. Rudia saa nne, rudia saa saba. Namba ikitembea na huyu naye, chombo kinahama. Ikitulia, urudi kwa wagonjwa. Kwa vihisi vya ndani ya kiatu usitegemee jumla ilingane kamili na uzito, kwa sababu sehemu ya nguvu hupitia ubavuni mwa kiatu. Linganisha chombo na chenyewe tu, asubuhi kwa mchana.

Vihisi vya kiatuni vivaliwe na vitembelewe dakika chache kabla ya kuanza kurekodi ili vishike joto la mguu. Sifuri, yaani usomaji wa kuanzia kusipokuwa na mzigo, ichukuliwe mguu ukiwa umenyanyuliwa, kiatu kimeshafungwa. Vihisi vikisifiriwa mezani, mbano wa kamba za kiatu utahesabika kuwa shinikizo la kutembea. Baada ya kazi vifutwe, vikaushwe kivulini, vihifadhiwe bapa. Nimeona vinakunjwa vikatiwa mkobani pamoja na soksi mbichi, kisha watu wanashangaa mstari mzima wa vihisi umekufa.

Ila si kila kinachopanda mchana ni mashine. Miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na mtu aliyekaa kwenye gari la shamba tangu Konde, miguu imening'inia, hafiki na mguu ule ule alioamka nao. Mpumzishe robo saa. Ziara zote za mtu mmoja ziwe saa zile zile. Na Ramadhani tusijidanganye: mfungaji wa saa tisa alasiri anatembea polepole, na sukari yake inaweza kuwa imeshuka. Kwa kulinganisha kabla na baada, pima kabla ya mwezi au baada ya Idi. Ikibidi ndani ya mwezi, pima asubuhi na umpime sukari kwanza.

Dalili: kila ziara imetulia ndani yake, lakini ziara mbili hazipatani

Mizunguko mitano ya leo inakubaliana, mitano ya wiki iliyopita inakubaliana, kisha baina yao kuna shimo. Mtu na mashine wametulia, basi kuna kitu kilichobadilika katikati. Mtuhumiwa wangu wa kwanza siku zote ni sugu.

Sugu nene chini ya kidole gumba au katikati ya mbele ya unyayo ni kama kijiwe kilichogandishwa kwenye ngozi. Ikichongwa vizuri, shinikizo la pale pale hushuka kwa takriban robo, bila ya kiatu kipya wala dawa yoyote. Ukimpima akiwa na sugu, muuguzi akamchonga, kisha ukampima tena na kiatu kipya, sifa zote zitakwenda kwa kiatu. Amueni kama kliniki: ama wote wapimwe kabla ya kuchongwa, ama baada, na iandikwe. Kwa kukagua kiatu mimi nachagua baada ya kuchonga, maana ndiyo hali tunayotaka mguu ukae nayo. Na msimu wa karafuu muulize mtu amekuwa wapi. Aliyeshinda shamba pekupeku wiki tatu hana unyayo aliouacha kliniki, na pengine ndiyo sababu "wiki moja" ya kwenye fomu ikawa mwezi.

Lakini sugu hiyo uione kwanza, na hapa tuna kizuizi chetu wenyewe. Bibi harusi, mama wa bibi harusi, na nusu ya akina mama baada ya Idi wanakuja na hina nyayoni, wengine na piko. Rangi haibadilishi usomaji wa vihisi hata kidogo. Inachofanya ni kukuficha: wekundu hauonekani, doa la damu chini ya sugu halionekani, mpaka wa sugu haueleweki. Pitisha kidole gumba cha mkono wako, utahisi ugumu pale jicho lilipopotea, na pima joto kwa mgongo wa mkono, mguu kwa mguu. Usimkataze hina yake. Andika kwenye fomu kwamba ngozi ilikaguliwa kwa kugusa.

Sababu ya pili ni viatu. Watu hutuvalia vizuri tunapowaita. Mzee anakuja na kiatu cha kufunga alichoazima kwa mwanawe, ilhali mwaka mzima anavaa kandambili au makubadhi, na nyumbani na msikitini yuko pekupeku. Kumpima ndani ya kiatu cha kuazima ni kupima kiatu cha mtu mwengine. Mwambie mapema, "Baba, njoo na kile unachokivaa kila siku, hata kama kimechakaa," na ukitazame kisigino kilivyoliwa.

Dalili: kisigino kinakubaliana, vidole na mbele ya unyayo hovyo

Hii mara nyingi ni programu. Programu hukata picha ya wayo katika maeneo kwa kufuata uwiano wa urefu wa mguu mzima: hapa kisigino, hapa katikati, hapa mbele, hapa vidole. Wayo wenye vidole vilivyojikunja kama makucha, au ulioanguka katikati, haufuati uwiano huo. Leo kilele cha shinikizo kinahesabiwa chini ya kidole cha pili, wiki ijayo kilele kile kile kinaangukia kwenye eneo la mbele ya unyayo. Mstari umesogea milimita chache tu. Fungua picha, ipange mipaka kwa mkono, ihifadhi kwa jina la mgonjwa, na uitumie hiyo hiyo kila ziara.

Kubali pia kwamba maeneo madogo hayatulii kama makubwa. Vidole vidogo vinne ndivyo vinavyosumbua kuliko vyote, na wenye vidole vilivyojikunja pengine havigusi chini kila hatua. Kilele cha kihisi kimoja huyumba kuliko wastani wa eneo zima. Ukubwa wa kihisi nao una kauli: kihisi kikubwa kinasawazisha kilele kikali cha mfupa na ngozi ya jirani, kwa hiyo kinasoma chini. Usilinganishe vyombo viwili vyenye vihisi vya ukubwa tofauti, hata kama vyote vinaandika kilopaskali.

Dalili: kilele kimekatwa bapa, namba ya juu ni ile ile kila hatua

Kihisi kimefika ukomo wake. Shinikizo la kweli liko juu ya hapo, hujui kwa kiasi gani. Usiweke wastani wake, andika "imezidi kiwango" na umchukulie mtu huyo kuwa wa hatari kubwa.

Dalili: kasi ya kutembea inaongezeka kila ukipima, au inategemea nani kapima

Kutembea mita 10 ukipiga saa kwa simu ni kipimo kizuri kuliko kinavyosifiwa, mradi mwanzo na mwisho vikatwe. Weka alama za utepe: mita 2 za kuanzia, mita 6 za kupimia, mita 2 za kusimamia. Saa ianze kidole cha kwanza kinapovuka alama ya pili na isimame kinapovuka ya tatu. Mpimaji mmoja akibonyeza mtu anapoanza na mwengine anapovuka utepe, watatofautiana kila siku na kila mmoja atajiona sahihi.

Kuongezeka kutoka mzunguko wa kwanza hadi wa tatu ni kuzoea. Ndiyo maana wa kwanza hatuuhesabu. Kuongezeka kutoka mpimaji hadi mpimaji ni maneno. "Tembea" peke yake hufanya mmoja aende kama yuko kwenye maziko na mwengine kama kachelewa boti ya Mkoani. Andikeni sentensi moja ukutani na wote waisome hiyo hiyo. Fimbo ikitumika leo, itumike na kesho.

Kuna wanaotaka kupima jinsi hatua zinavyotofautiana baina yao, kwa sababu mwenye ganzi huyumba, hupanua miguu, na hatua zake hazilingani. Ni jambo la maana. Lakini wastani wa kasi unatulia kwa mizunguko michache, ilhali mtawanyiko wa hatua unataka hatua nyingi sana, na ukumbi wa mita 10 unakupa kama 15 mpaka 20 kwa safari moja. Kwa ukumbi huo, toa kasi na urefu wa hatua, na mtawanyiko uuache kwanza.

Dalili: karatasi inasema uthabiti ni mkubwa, lakini kwa mgonjwa mmoja huwezi kuamua

Hapa hesabu ndiyo yenye tatizo. Kiashiria cha uthabiti kinachoandikwa ICC huwa baina ya 0 na 1, na juu ya 0.9 huitwa bora kabisa. Watu hukisoma kama cheti. Kumbe kinategemea wagonjwa wenyewe wametofautiana vipi: changanya vijana wasio na ganzi na wazee wenye miguu iliyoanguka, ICC itapanda yenyewe, hata kama kosa la kila kipimo halijapungua. Pia kuna namna ya kukikokotoa isiyojali kama ziara ya pili yote imepanda kwa kiasi kile kile. Chagua ile inayodai makubaliano kamili.

Kitu cha kumsaidia mgonjwa ni kosa la kipimo kwa kilopaskali. Chukua mfano wa kubuni: kundi lako lina mtawanyiko (mchepuko sanifu) wa kilopaskali 120, ICC ni 0.90. Toa 0.90 kwenye 1, ubaki na 0.10, kipeuo chake cha pili ni karibu 0.316, zidisha kwa 120 upate 38. Hilo ndilo kosa la kawaida la kipimo. Lizidishe kwa 2.77, upate kama 105. Maana yake, kwa mtu mmoja, tofauti yoyote ya chini ya kilopaskali 105 inaweza kuwa ni kipimo kuyumba tu. Mgonjwa aliyeanza na 500, akachongwa sugu, akashuka kwa 130, umeona kitu. Aliyewekewa soli mpya akashuka kwa 60, hujaona kitu bado, hata kama soli ni nzuri. Na kama ICC ingekuwa 0.75, hiyo 105 ingepanda kufika 166, na hata ile sugu ingepotea humo.

Kwa hiyo msiazime namba za watu wa mbali. Chukueni wagonjwa wenu wenyewe wenye ganzi, wale wasiohisi uzi wa nailoni wa gramu 10 unaobonyezwa unyayoni wala mtetemo wa uma wa sauti wa hezi 128, wapimwe mara mbili kwa siku chache bila kubadilisha kitu, na mpime kosa la chumba chenu. Namba hiyo ibandikwe karibu na skrini.

Chombo kimekufa kabisa, au hakijawahi kuwepo

Kazi haisimami. Harris na Beath walikagua miguu ya wanajeshi wa Kanada kwa mkeka wa mpira wenye vijistari uliopakwa wino, ripoti yao ikatoka mwaka 1947, na mkeka wa namna hiyo bado unafaa. Wino unapokolea ndipo palipobanwa. Hautoi kilopaskali, na makosa yake ni yale yale: kulenga, kasi, sugu. Yana sura nyengine tu. Wino ukisambaa kuelekea mbele kama mkia, mguu umeteleza, rudia. Alama zote zikiwa nyeusi tii, wino ni mwingi, upunguze kwa rola na umpitishe mtu unayemjua kwanza. Chukua alama tatu kwa kila mguu na uandike nyuma ya karatasi tarehe, saa, kama sugu ilikuwa imechongwa, na nani aliyepaka wino.